Miguu Niliyosahau Kuitaja

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba hakuna mkono utakaougusa mwili wake kabla sijamweleza umekuja kufanya nini. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama ndani ya mtaro, udongo mwekundu ukinifika magotini, juu ya soko la Kikima, kwetu Mbooni, mahali ambapo mlima umekatwa ngazi kwa ngazi ili mvua isiteremke na shamba. Yeye alikuwa ukingoni, mkono mmoja kiunoni, akinitazama kama mtu anayekagua kamba kabla ya kumfunga nayo ng'ombe.

"Utaniambia yote?"

"Yote."

"Hata mabaya?"

"Hata mabaya, shangazi."

"Haya. Ukinificha hata moja, baba, nitajua. Na sitakupikia muthokoi tena."

Aliniita baba tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Kwetu jambo hilo si mzaha mtupu. Nilipokuwa mdogo alinichapa kwa kumwaga maziwa, na usiku uleule akaniomba radhi, eti mtu hamchapi mzazi wake. Kwa hiyo nilipomwahidi, nilijua kwamba anayeahidi si mpwa peke yake. Kulikuwa na mzee ndani yangu ambaye yeye alimheshimu na ambaye mimi sikumkuta hai.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza stashahada ya utabibu, nikifanya mwaka wa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja huko Kitui. Nilikuwa nimepewa wiki ya likizo, na nilipofika Mbooni nikamkuta shangazi shambani kwa jirani pamoja na wanawake wengine wa mwethya. Mwethya ni kikundi cha kazi: leo tuko kwako, kesho tuko kwangu, na malipo ya jasho ni jasho. Shangazi ndiye aliyekiongoza. Aliimba mstari mmoja, wenzake wakaitikia, na majembe yote yakashuka pamoja kwenye neno la mwisho. Walipopumzika, alijitenga nyuma ya mgomba kufunga leso yake upya. Nilikuwa nikimpelekea maji. Nikaona.

Chini ya leso, juu ya kitovu, palikuwa na kipande cha kibuyu cha mviringo, upana wa kisahani cha chai, kimeng'arishwa na jasho mpaka kikawa na rangi ya asali.

"Ni nini hicho, shangazi?"

"Kizibo," akajibu, kama mtu aliyeulizwa kuhusu kifuniko cha sufuria.

Kitovu chake kilikuwa kimechomoza tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na mtoto huyo sasa alikuwa kidato cha nne. Kila asubuhi alilala chali, akakisukuma ndani kwa vidole viwili, akaweka kibuyu, akazungusha leso mara mbili, kisha akaamka kwenda kulima. Mwethya mzima ulidhani leso ile ni urembo.

Lazima nikiri kwamba kilichonishika kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa hamu ya kujua. Kwa nini kibuyu? Aliniambia alianza na kifuniko cha chupa, kikamkata. Akajaribu kisigino cha ndala, kikamwasha. Akajaribu sarafu iliyofungwa kitambaa, ikateleza. Kibuyu aliupitisha ukingo wake kwenye makaa ili uwe laini, na mgongo wake akauelekeza ndani, kwa sababu, alisema, kitu kinachosukuma hurudishwa na kitu cha mviringo, hakirudishwi na ubao. Mimi nilikuwa nimesoma ngiri ya kitovu kwa wiki mbili na kuifanyia mtihani. Yeye alikuwa ameisoma yake kwa miaka kumi na saba.

Kisha, akikwangua tope kwenye jembe, akaniambia kwamba majuma mawili yaliyopita kitovu kilikataa kurudi. Kilikuwa kigumu kama jiwe tangu alfajiri hadi adhuhuri, akatapika, na halafu kikarudi chenyewe. "Kilinikasirikia kidogo," alisema.

Hapo hamu ya kujua ilinitoka na hofu ikaingia. Ngiri inayorudi ndani ni usumbufu. Ngiri inayokataa kurudi huenda imeukaba utumbo, na utumbo uliokosa damu huanza kufa kwa saa chache. Safari ile ngiri ilikuwa imeuachilia. Hakuna aliyejua kama itauachilia safari nyingine.

Nikaanza kumweleza palepale, jinsi nilivyofundishwa. Tulizungumza Kikamba, na Kikamba changu cha tiba kilikuwa kama nguo ya kuazima.

"Ukuta wa tumbo, shangazi, una tabaka kadhaa za misuli, na katikati kuna utando mgumu ambao—"

"Unaongea na nani?"

"Na wewe."

"Hapana. Unaongea na mwalimu wako. Yeye hayuko hapa. Hapa niko mimi na jembe."

Akanigeuza kwa bega na kunionyesha tuta la chini, lililobomolewa na mvua zilizopita. Pengo lake lilikuwa wazi bado, na chini yake udongo umemwagika kama ulimi.

"Ni kama pale?"

"Ni kama pale."

"Pale palikuwa na shimo la panya. Tuta lote lilikuwa zima, lakini maji yakisukuma hutafuta shimo la panya."

Nikamwambia kwamba kitovu ndicho shimo la panya. Kila mtu huzaliwa nalo, kwa sababu ndipo kamba ya uzazi ilipopitia. Kwa wengi huziba vizuri. Kwa wengine hubaki na ulegevu, na mimba baada ya mimba, mzigo baada ya mzigo, tumbo husukuma hadi kitu kipite.

Akalifikiria hilo. "Kwa hiyo kila mtu ana shimo la panya katikati."

"Kila mtu."

"Hata mchungaji?"

"Hata mchungaji."

Alicheka mpaka akashika leso.

Kisha yakaja maswali, na nayakumbuka kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza maswali bora zaidi, hata katika mtihani. Alitaka kujua tunaziba kwa nini. Tuta ukiliziba kwa udongo mbichi, alisema, mvua ya kwanza hupita palepale. Wao huweka mawe kwanza, kisha hupanda majani ya kushika udongo. Nikamweleza kwamba huo ndio ubishi wa madaktari wenyewe. Shimo dogo huweza kushonwa kwa uzi imara. Shimo kubwa zaidi huwekewa wavu, na nyama ya mwili huota ikipenya kwenye wavu kama mizizi ya majani, mpaka vikawa kitu kimoja.

"Wavu kama wa banda la kuku?"

"Laini zaidi. Kama chandarua."

"Mtaniwekea chandarua tumboni. Angalau sitaumwa na mbu huko ndani." Kisha, bila kucheka: "Na maji?"

"Maji gani?"

"Yaliyobomoa tuta. Mkiziba shimo na maji yakaendelea kusukuma vilevile, mmefanya nini?"

Ikabidi nimwambie. Kikohozi cha muda mrefu kingetibiwa kwanza. Kufunga choo kungezuiwa. Na baada ya upasuaji, kwa wiki sita hivi au kadiri daktari atakavyoamua, asingeinua mtungi wala jembe.

Hapo akaliweka jembe chini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hofu ya kisu, lakini kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni kukaa.

"Nani ataimba?"

"Utaimba ukiwa umeketi."

"Umewahi kuona nani akiongoza kazi akiwa ameketi, isipokuwa chifu?"

Tulibishana mpaka wenzake wakaanza kumwita. Mwishowe akasema atakuja, lakini kwa sharti, na sharti lenyewe ndiyo ile ahadi niliyoanza nayo.

Alikuja Kitui baada ya mbaazi kuvunwa. Daktari wa upasuaji alimpima, akakubaliana nasi kwamba kusiwe na kuchelewa, akampangia siku. Nami nikaitimiza ahadi yangu kwa bidii ya mtu aliyeokoka juzi. Nilimweleza kwa nini damu hutolewa na inapelekwa kutafutwa nini. Nilimweleza kwa nini asile tangu usiku: tumbo lililojaa huweza kurudisha chakula wakati wa ganzi, kikaingia kwenye mapafu. Nilimweleza kwa nini pete hutolewa, kwa nini dripu, kwa nini gauni hufungwa nyuma.

"Hii gauni," alisema akijitazama, "ilishonwa na mtu aliyechukia wanawake."

Kitanda cha pili alilala mama mmoja Mwislamu kutoka upande wa kaskazini, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekuwa ametolewa kidole tumbo siku mbili kabla. Yeye na shangazi walizungumza Kiswahili ambacho hakuna kati yao aliyekinyonya kwa mama yake, wakaelewana kuliko mimi ninavyoelewana na wasomi wenzangu. Kufikia jioni walikuwa wamejuana idadi ya watoto na maradhi ya mbuzi.

Fomu ya ridhaa ilipoletwa, shangazi alitaka isomwe yote, neno kwa neno, kwa Kikamba. Nikaisoma. Muuguzi alisimama na kalamu yake, akaegemea ukuta, akabadilisha mguu.

"Daktari, ukiendelea hivi hii itakuwa mahubiri. Nina wagonjwa saba wanaoningoja."

"Sista, mwache asome," shangazi akasema. "Kanisani kwetu mahubiri ni saa mbili na hakuna aliyewahi kufa." Kisha akanigeukia. "Na hapo pamesemaje kuhusu kufa?"

Nilihisi muuguzi akinitazama. Nikamwambia kwamba pamesemwa. Upasuaji wowote unaweza kumuua mtu, ingawa huu ni nadra sana kuua. Kidonda kinaweza kuingia usaha. Ngiri inaweza kurudi hata ikishonwa vizuri. Nikamwambia pia ni nini kinachowekwa tayari ili mabaya hayo yakija yasikute watu wamelala.

"Na maumivu?"

"Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Utakuwa macho, utasikia watu wakiongea, lakini kuanzia hapa kwenda chini hutahisi chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

Nililitamka neno hilo kwa fahari, kama anayetoa zawadi, kisha nikapita kwenda aya iliyofuata. Yeye akachukua kalamu na kuandika jina lake lote polepole, herufi zikiegemeana kama wanafunzi waliopangwa mstari, jinsi alivyofundishwa katika masomo ya watu wazima.

"Hukunificha," alisema.

Asubuhi ya upasuaji nilimsindikiza hadi mlango ambao mimi sikuruhusiwa kuupita siku ile, maana zamu yangu ilikuwa kwa wagonjwa wa nje. Akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, alichomoa kitu chini ya shuka na kunipa. Kilikuwa kipande cha kibuyu.

"Nishikie. Nikitoka nitakuambia kama bado nakihitaji."

Nilikaa nacho mfukoni mwa koti jeupe siku nzima. Kabla ya saa sita mwenzangu aliyekuwa zamu ya upasuaji aliniletea habari: imekwisha, hakuna tatizo, wameshona na kuweka wavu mdogo. Nikashukuru Mungu na kurudi kazini. Kulikuwa na mtoto aliyemeza sarafu na bibi yake aliyetaka kujua itatokea lini na wapi. Kulikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Nilifika wodini karibu saa kumi.

Shangazi alilala akitazama dari, shuka imevutwa hadi kidevuni. Sikuwahi kumwona akiwa ametulia hivyo. Mama wa kitanda cha pili alinitazama, akaangalia pembeni.

"Baba."

"Shangazi, imeenda vizuri sana. Shimo lenyewe lilikuwa—"

"Wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba mtachukua miguu."

Nilicheka. Ningependa kuiruka sehemu hii, lakini niliahidi kutoficha, na sidhani ahadi ile ilimhusu yeye peke yake. Nilicheka kwa kuwa nilifarijika. Nilikuwa nimeogopa kuvuja damu, nimeogopa moyo, na kumbe ni ganzi tu ambayo haijaisha. Kicheko changu kilisikika wodi nzima.

"Usicheke, daktari," mama wa kitanda cha pili akasema. "Huyu ameniachia wosia."

Na kweli alikuwa ameuacha. Alirudishwa kitandani kabla ya adhuhuri. Alipojaribu kusogeza mguu, mguu haukusikia. Akajaribu wa pili. Akaushika kwa mkono chini ya shuka na kuukuta baridi, mzito, wa mtu mwingine. Muuguzi alipopita akamwambia, "Tulia mama, usijaribu kuinuka," na kwa shangazi huo ukawa uthibitisho. Kwa saa nne alilala pale akiamini kwamba tumbo lake lilitengenezwa kwa bei ya miguu yake. Alimtajia jirani yake mwanamke atakayeongoza nyimbo za mwethya. Alisema jembe lake kubwa apewe nani. Alisema lile tuta la chini lizibwe kwa mawe, lisizibwe kwa udongo. Na akasema mimi nisilaumiwe mbele ya wazee, kwa kuwa kijana alijaribu.

Hayo yote alinisimulia yule mama wa kitanda cha pili. Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini hukumwita muuguzi ukamuuliza?"

"Nimuulize nini? Nilitia sahihi." Bado alitazama dari. "Nilidhani ilikuwa katika yale maneno uliyonisomea, na kwamba ni mimi sikuelewa. Nikikuuliza ungeniambia, shangazi, si nilikusomea?"

Nimefikiria jibu hilo mara nyingi. Fomu ambayo nilidhani ni mlango wa yeye kuuliza, yeye aliiona kama lango lililokwisha kufungwa nyuma yake. Kadiri nilivyosoma kwa makini zaidi, ndivyo alivyoamini zaidi kwamba kila kilichofuata kilikuwamo.

Ndipo nikamweleza yale niliyopaswa kumweleza tangu mwanzo. Dawa ile huwekwa karibu na mishipa ya fahamu inayopita mgongoni. Mishipa hiyo hufanya kazi mbili: mingine hupandisha habari, kwamba hapa panauma, hapa pana moto; mingine hushusha amri, kwamba mguu, inuka. Dawa husimama njiani kama mlinzi wa lango na kuzuia wote, wanaopanda na wanaoshuka. Mimi nilimweleza wanaopanda. Wanaoshuka niliwasahau.

"Uliwasahau vipi?"

Swali la haki. Sikuwasahau kwa uvivu. Nilikuwa nimeona miguu mingi ikilala na ikiamka, hata jambo lenyewe likaacha kuonekana. Kila kitu kilichonitisha mimi nilimweleza: usaha, damu, kifo. Miguu haikunitisha, kwa hiyo haikunijia akilini. Nilikuwa nimemweleza hofu zangu, nikidhani ni zake.

"Itarudi saa ngapi?"

"Kwa wengi ni saa mbili hadi nne, kwa wengine zaidi kidogo. Saa hasa siijui."

"Umesema huijui."

"Siijui."

"Hilo ndilo neno la kwanza ninaloliamini leo."

Nikamwita muuguzi aje ahakikishe pamoja nami kwamba ganzi inapungua jinsi inavyotakiwa. Akamgusa hapa na pale, akasema hakuna wasiwasi, na safari hii akaketi kidogo na kueleza kwa nini alimkataza kuinuka: mtu angeanguka, au kichwa kingezunguka. Kisha nikakunja shuka hadi magotini, tukangoja, sisi watatu tukitazama vidole kumi vya miguu kama watu wanaotazama kilima ambako mgeni atatokea.

"Kiambie kidole kitu," mama wa kitanda cha pili akashauri.

"Nimekiambia tangu saa sita. Kimenuna."

"Kiambie kwa Kikamba, huenda Kiswahili hakijui."

Akakiambia kwa Kikamba. Hakuna kilichotokea. Tukangoja tena, chai ikaletwa, nayo ikapoa. Kisha kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatikisika, kidogo, kama sikio la mbuzi lililoguswa na nzi.

"Woi!" shangazi akasema. "Nani amefanya hivyo?"

"Ni wewe."

"Ni mimi?" Akajaribu tena. Kikatikisika tena. Uso wake ulibadilika, na nilichokiona humo hakikuwa furaha kwanza. Ilikuwa ile hamu yangu ya kujua niliyoipata siku ya kibuyu, lakini yake ilikuwa kubwa zaidi. Akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, kila kilichokuwa kikirudi. Alisema ni kama mto wa mchanga mvua zikiwa zimeanza mbali: juu bado pamekauka, lakini ukichimba kwa vidole unahisi ubaridi. Alisema goti lilikuja kabla ya kisigino kujua. Alisema unyayo ulikuwa na siafu. Nilitafuta karatasi, nikaikosa, nikaandika nyuma ya bahasha ya dawa. Miaka yote ya chuo sikuwa nimesoma popote ganzi inavyoondoka, ikisimuliwa na mwenye miguu.

Alipoweza kukunja magoti yote mawili, akanyosha mkono. "Nipe kizibo changu."

"Bado unakihitaji?"

"Si kwa tumbo."

Nilienda Mbooni tena wiki ya sita. Nilimkuta ukingoni mwa shamba, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akiimba. Chini yake majembe yakipanda na kushuka.

"Chifu, mgeni wako amefika!" mmoja akapiga kelele kutoka mtaroni.

"Mkaribisheni, lakini asimuue mtu kwa kusoma!" mwingine akaongeza, nikajua kwamba habari zote zilinitangulia.

Siku aliyorudi shambani bila leso, kabla ya ziara yangu, wenzake walimuuliza imekwenda wapi. Akawaeleza kila kitu, akazungusha kipande cha kibuyu kutoka mkono hadi mkono. Kilipomfikia mwanamke mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, hakukipitisha. Alikishika kwa muda. Kisha akaingiza mkono chini ya leso yake mwenyewe na kutoa kifuniko cha chupa kilichofungwa kitambaa.

Siku ile ya ziara yangu, wakati wa mapumziko, huyo mama alimwomba shangazi amweleze upasuaji tena, mimi nikiwapo, ili nirekebishe makosa. Sikurekebisha kitu. Mimi ningeanza na chanzo, kisha dalili, kisha hatua za upasuaji, kisha hatari zake, kama ilivyo kitabuni. Yeye alianza hivi:

"Kwanza miguu. Miguu itaondoka. Usishtuke wala usigawe jembe lako. Itakaa huko iliko mpaka chai ya jioni, halafu itarudi, kidole kimoja kimoja, kama watoto wakitoka shule. Ikichelewa sana, uliza. Pili, usikohoe bila mto. Ukisikia kikohozi kinakuja, kumbatia mto tumboni. Tatu, haja ndogo itakataa kutoka mara ya kwanza. Usione haya, mwambie sista. Nne, siku ya pili watakuambia utembee. Utadhani wanakuchukia. Tembea."

"Na kukatwa kwenyewe?"

"Kukatwa kunamhusu daktari. Wewe hutakuwepo sana."

Yule mama alinigeukia. Alikuwa na swali moja tu kwangu, na hakulikwepesha. "Nikienda, wewe utakuwepo?"

Mafunzo yangu yalikuwa yakielekea ukingoni, na sikujua nitapangiwa kazi wapi, au kama nitapangiwa. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa polepole na kurudisha kifuniko chake mahali pake. Alisema atakwenda baada ya mvua. Nikamweleza dalili za kutongoja mvua: kikikataa kurudi, kikiwa kigumu, kikiuma, kikibadilika rangi, ukitapika, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni katikati ya kuimba. Shangazi akamrudishia maneno hayo mara mbili, akamfanya ayataje mwenyewe.

Ninapoandika haya bado hajaenda, na mvua bado haijaisha. Nimejaribu kuishi na jambo hilo. Mwili ni wake na ridhaa ni yake. Lakini siku atakapokwenda, huenda ataingia wodi nisiyoijua, aletewe fomu na mtu mwenye wagonjwa saba wanaomngoja, mtu mwema kama nilivyodhani mimi ni mwema, ambaye ameona miguu mingi ikiamka hata haioni tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, msomaji. Ukilazwa kwa upasuaji, au ukimsindikiza wa kwenu, au ukiwa katika kitanda cha pili, kabla ya sahihi kutiwa muulize aliyeshika kalamu: nikirudi kitandani, ni kitu gani mwilini mwangu hakitakuwa kama kilivyokuwa asubuhi, na kitarudi lini? Akisema hajui hasa, mwamini. Akikuambia hutahisi chochote, muulize tena.